Shangazi Yangu na Maana za Taimu

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alianza kujifunza Kiingereza akiwa ameshavuka miaka sitini, na hakuanza na salamu kama watu wengine. Alianza na neno moja alilolisikia kwenye simu. Binti yake wa pekee aliolewa Ulaya, na mtoto anayekulia huko alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya kuita "bibi". Kila Jumapili baada ya ibada binti alipiga simu, na mwishoni alimpa mtoto naye aongee. Mtoto aliongea haraka haraka kwa dakika mbili, na katika maneno yote hayo shangazi aliweza kuchomoa moja tu kwa sababu lilikuwa linajirudia: taimu. Aliniambia lilikuwa linamgonga sikioni kama kokoto kwenye wali linavyogonga jino.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Tabora mjini. Shangazi anakaa Kwihara, karibu na barabara inayokwenda kwenye lile tembe ambalo wageni huja kulipiga picha, na ukipanda bodaboda kutoka sokoni nusu saa haiishi umeshafika kwake. Nilikuwa na mazoea ya kwenda kumwona mara moja kwa mwezi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba. Alinipokea mkoba, akaitikia shikamoo yangu, na kabla sijakaa vizuri akaniuliza taimu maana yake nini.

Nikamwambia ni wakati. Halafu nikaomba maji ya kunywa. Lilikuwa jibu la mwalimu aliyesahihisha madaftari wiki nzima, na nilikuja kulijutia.

Baada ya mwezi mmoja hivi alinipigia simu akasema nije na nisichelewe. Nilimkuta amenunua daftari jipya. Shangazi alimaliza darasa la saba enzi zile, ni katibu wa akina mama katika kanisa lao la Moravian, na mwandiko wake unaupita wangu kwa mbali. Alikuwa ameandika sentensi za mjukuu kama alivyozisikia, na chini ya kila moja ameweka tafsiri yake kwa kutumia neno nililompa. Mjukuu alisema amepanda farasi "tu taimzi". Shangazi alikuwa ameandika: amepanda farasi katika nyakati mbili. Pembeni akajiuliza kwa kalamu nyekundu ni nyakati zipi, za baridi na joto, au kabla na baada ya ile surua aliyougua mtoto. Jumapili iliyofuata mjukuu akauliza huko kwa bibi ni "wati taimu". Shangazi, akiwa sasa na uhakika, alijibu kwamba ni wakati wa kuanika michembe ya viazi vitamu, na binti yake aliyekuwa akitafsiri alicheka mpaka simu ikakatika. Mtoto alitaka kujua ni saa ngapi.

Nikavuta kigoda, nikamweleza upya. Ukihesabu matukio, taimu ni mara. Ukitazama ukutani, ni saa. Safari ikikuchukua taimu nyingi, ni muda. Taimu za babu zetu waliobeba pembe kwa miguu kutoka hapa hadi pwani ni zama, au enzi. Na mtu akikwambia alikuwa na taimu nzuri harusini, saa haimo kabisa, anasema aliburudika. Shangazi aliandika yote, akapiga mstari, akaweka kalamu chini.

"Neno moja linafanya kazi zote hizi?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa wanapataje kuelewana?"

Aliuliza kwa huruma ya kweli, kama anayeulizia nyumba yenye sufuria moja tu, ya uji humo, ya mboga humo, na ya maji ya kuoga humo. Mimi nimekula mshahara wa lugha hiyo kwa miaka kumi na minane, na nilijikuta nimeumia kidogo. Nikamwambia Kiingereza kina maneno mengine mengi ya wakati, ni vile tu mtoto hajayatumia. Akasema vizuri, basi nimletee yote.

Kabla sijaondoka alinifungulia ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na sentensi moja peke yake. Jumapili moja binti hakupiga, na wiki iliyofuata shangazi alipouliza kulikoni, mtoto ndiye aliyejibu, na shangazi aliyashika maneno yake vizuri kwa sababu yalikuwa machache: "Mami hazi no taimu." Chini yake alikuwa ameandika: Mama hana wakati. Aliniambia hakulala vizuri siku hiyo, kwa kuwa mtu asiye na wakati alimjua mmoja tu, ambaye ni mume wake katika wiki zake za mwisho hospitalini.

Nikamwambia hapana, hapo si wakati. Hapo ni nafasi. Mtoto alisema mama hana nafasi, yuko na shughuli nyingi.

Alikata neno wakati kwa mstari mmoja, akaandika nafasi juu yake, akalitazama.

"Kwa hiyo wakati anao," alisema.

Kisha akatoka nje kugeuza michembe yake juani, ingawa niliona wazi kwamba ilikuwa imeshageuzwa. Mara ya mwisho binti huyo kuja nyumbani ilikuwa miaka sita nyuma, kumzika baba yake, na alikuja peke yake kwa siku nne, mtoto akiwa amebaki na baba yake kule. Shangazi alikuwa hajawahi kumshika mjukuu wake. Nilikaa pale ndani nikimsubiri arudi, na ndipo nilipoelewa kwamba hili somo halikuwa la kumpotezea mtu mchana.

Mwezi wa tisa binti alitoa habari kwamba wanakuja Desemba, yeye, mumewe na mtoto, kwa siku kumi na mbili. Shangazi akanipandishia ratiba. Sasa nilitakiwa kila Jumamosi, saa nne kamili, na nikichelewa nilikuta uji umepoa kwa makusudi.

Nilimletea maneno kama nilivyoahidi, na yeye aliyachukua moja moja akayatafutia mtu pale kijijini. "Moment" nilimweleza kuwa ni punde, kitambo kifupi sana. Akasema hiyo ni ile dakika moja anayoiomba mwenyekiti wa kikundi chao cha kufuga nyuki kabla ya kufunga kikao, ambayo huwa na uchaguzi wa kamati ndani yake. "While" nilisema ni kitambo, haina urefu maalumu. Akasema anaijua, ndiyo muda wa seremala aliyechukua mlango wake tangu Pasaka na kila akiulizwa anasema bado kidogo. "Season" aliipenda kuliko yote kwa sababu ilikuwa na mvua ndani yake, kulima ndani yake na maembe ndani yake, na hakuhitaji kumtafutia mtu. Tulicheka sana Jumamosi hizo. Kuna siku jirani yake alipita akaturudisha kwenye salamu za kwetu, akasema "mwadila", salamu yetu ya mchana, na shangazi akamwuliza kwa ukali kama anajua kwamba wenzetu Waingereza wakisalimia mchana ni lazima kwanza watazame saa. Jirani aliondoka akitikisa kichwa.

Kisha nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Alitaka neno la kipindi. Kipindi anakijua: kuna kipindi cha redio, kipindi cha kwanza darasani, kipindi cha kupanda. Nikampa "period". Nikamweleza vipindi vya shuleni, nikamweleza kipindi cha historia. Neno hilo lina maana nyingine tena, inayowahusu wanawake kila mwezi, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili huanza kukohoa likitajwa tu. Nilifika kwenye maana hiyo, nikaiona mbele yangu, nikaizunguka. Yule ni shangazi yangu. Mimi ni mwanamume mwenye watoto watatu, lakini mbele yake nabaki mtoto wa kaka yake, na mambo hayo mtu hayasemi na shangazi akiwa ameshika kikombe cha uji. Nikasema basi, tumemaliza neno hilo.

Kipindi hicho, na hapa nalitumia neno kwa usalama, mvua zilikuwa zimeanza na shangazi alikuwa shambani tangu asubuhi hadi jioni. Mkwe wake, mume wa binti, alikuwa amejaribu kumpigia siku za kazi kuuliza habari za vitanda na vyandarua vya safari yao, akawa hampati. Akamwandikia ujumbe mfupi wa Kiingereza rahisi: hujambo mama, mbona simu haipokelewi. Shangazi alitafsiri mwenyewe ujumbe ule, akafurahi, na akaamua kumjibu bila kunihusisha. Alishika ile simu yake ya kupangusa aliyotumiwa na binti, akabonyeza pale pa sauti, akamtumia mkwe ujumbe wa sauti wa dakika nzima.

Ujumbe huo niliusikia baadaye. Alisema kwa Kiingereza chenye kujiamini kwamba asiwe na wasiwasi, ni kwa sababu tu yumo kwenye "period". Akasema ya mwaka huu ni kubwa. Imeanza na mvua, itaisha mwezi wa pili. Akasema anachoka sana lakini majirani wote wanakuja kumsaidia, na hata mchungaji ameahidi kuja Alhamisi na vijana wa kwaya.

Mkwe yule ni mtu mwema. Hakucheka. Alimpigia mkewe kazini akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama anahitaji daktari haraka. Binti alipousikiliza ujumbe ule ilimbidi akae kwenye ngazi za kazini kwao. Kisha akampigia mama yake kumweleza alichokisema, na baada ya hapo simu ya shangazi ilizimwa kwa siku tano.

Anayejua mkwe ni nini kwetu ataelewa. Mama mkwe na mkwe hawaketi mkeka mmoja. Wanapishana njiani kwa kuinamisha macho. Shangazi yangu, katibu wa akina mama, alikuwa amemtangazia mkwe wake jambo ambalo hata mume wake marehemu hakuwahi kulisikia likitajwa kwa jina.

Binti alikuwa ameshanisimulia yote, na Jumamosi ile nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Nilimkuta shambani, ameinama, anapalilia mahindi. Nikasema shikamoo shangazi. Jembe lilikwenda mara tatu au nne kabla marahaba haijafika, na ilipofika ilielekezwa kwenye majani.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Niliona aibu, shangazi."

Akanyooka, akafuta mikono kwenye khanga, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa hiyo aibu yako nimeivaa mimi," alisema, "na imenipwaya."

Nilidhani analia kwa sababu mabega yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka akiwa ameegemea mpini wa jembe, akajaribu kuacha, akakumbuka mchungaji na vijana wa kwaya, akashindwa tena. Nami nilicheka, lakini kwa tahadhari. Alipotulia alitoa masharti. Kuanzia siku hiyo neno lolote nitakalomletea nitalileta na maana zake zote, za heshima na zisizo na heshima, na yeye ndiye atakayeamua ipi aitupe. Na kwa kuanzia, nirudie neno lile hapo hapo. Nikasimama katikati ya mahindi, nikamweleza maana zote tatu kwa Kiswahili cha wazi, huku nikiangalia mawingu. Sijawahi kufundisha somo gumu kama lile.

Desemba ikafika. Wageni waliruka hadi Mwanza, wakakodi gari, na mpango ulikuwa waje kwa barabara kupitia Nzega na Puge. Siku moja kabla ya kuwasili nilipokea ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa mkwe. Alikuwa ameuandika kwa Kiswahili, kwa msaada wa simu yake nadhani, na ulikuwa mfupi: "Tutafika kesho saa mbili." Nikapanda bodaboda jioni ile ile nikampelekea shangazi habari kwamba wageni wanafika asubuhi, saa mbili, kwa hiyo kuku wachinjwe alfajiri.

Aliniuliza nani ameandika. Nikamwambia mkwe wake.

"Basi hiyo ni saa nane mchana," alisema.

Nikamweleza kwa upole kwamba ujumbe ni wa Kiswahili, na saa mbili ya Kiswahili ni saa mbili ya asubuhi, jua likiwa bado changa. Angekuwa ameandika Kiingereza ningekubaliana naye. Akasema lugha ni ya Kiswahili lakini saa ni ya kwao, mtu hawezi kubadilisha vyote kwa mara moja. Halafu, akasema, watoke Mwanza saa ngapi na mtoto mdogo ili wafike asubuhi hiyo? Nikasema wanaweza kuwa wamelala Nzega. Akasema wanaweza. Hakubishana zaidi, na mimi nilichukulia kwamba ameshindwa.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi nilikuwa pale na mke wangu, watoto wote watatu wamevaa nguo za sikukuu, na akina mama sita wa kanisani niliowaita mimi mwenyewe kwa ajili ya mapokezi. Shangazi hakuwepo. Jirani alituambia amekwenda kupanda karanga na amesema atarudi adhuhuri. Tukakaa. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Akina mama waliimba nyimbo zote walizokuwa wameandaa, kama mazoezi, kisha wakaanza kuniangalia. Saa tano watoto wangu walikuwa wameshapanda miti na nguo za sikukuu zilikuwa zimekwisha. Mke wangu aliniuliza, mbele ya watu, kama ni kweli mimi nalipwa kwa kufundisha Kiingereza.

Shangazi alirudi saa sita na nusu, akaoga, akavaa kitenge chake kipya, akaweka wali jikoni. Saa nane na dakika kumi gari lilikata kona.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, kwa hiyo niliona. Sentensi ya kumpokea mjukuu alikuwa ameitunga wiki tatu, tumeirekebisha pamoja, ameikariri: nimekungoja muda mrefu, sasa umefika. Mtoto alishuka, msichana wa miaka saba mwenye nywele zilizosukwa mabutu na viatu vyenye taa. Alitutazama wote, akamtambua bibi yake kutokana na picha za simu, akamwendea moja kwa moja, akapiga goti moja kwenye matope, na akasema polepole, kila silabi mahali pake, "Shikamoo, bibi."

Shangazi alifungua mdomo na Kiingereza chote kikamtoka. Alisema marahaba. Akasema tena marahaba, marahaba mwanangu, akamwinua mtoto yule akiwa na matope yake, akambeba kama mtoto wa mwaka mmoja, miguu ikining'inia na viatu vikiwaka. Hakumshusha mpaka mlangoni. Binti alikuwa bado amesimama kando ya gari na mkoba wake, na sikujua nimtazame nani.

Mkwe alikuwa amefundwa njiani. Alibaki nyuma, akainamisha kichwa, akatoa shikamoo yake kwa ardhi. Shangazi aliitikia huku akitazama kuku. Mambo ya ujumbe wa sauti hayakutajwa siku hiyo wala baadaye. Isipokuwa siku ya tatu, tukiwa tunakula, wanaume upande wetu na wanawake upande wao, mkwe aliuliza kwa sauti ya adabu, kwa Kiingereza, kama mwaka huu "season" ya kilimo ni nzuri. Alilitamka neno lile taratibu, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kwa mguu kabla ya kuukanyaga. Shangazi akajibu kwamba "season" ni nzuri sana. Mimi nilipaliwa na mchuzi wa mlenda, ikabidi nitoke nje.

Kwa siku zilizofuata nilijiandaa kuwa mkalimani. Shule zilikuwa zimefungwa, nilikwenda Kwihara kila siku, nikaketi katikati yao na kamusi yangu kichwani. Hawakunihitaji kama nilivyotegemea. Asubuhi moja shangazi alimchukua mtoto shambani kumalizia zile karanga. Alikuwa amechimba vishimo mstari mzima, akamjazia mtoto mbegu kwenye kikopo. Mtoto akaonyesha kishimo cha kwanza, akauliza swali kwa Kiingereza, na ndani yake lilikuwemo neno lile tena, "one at a time". Shangazi aligeuka kunitazama. Hiyo hatukuwa tumeifikia. Nilivuta pumzi nianze kueleza kwamba hapa tena taimu haina uhusiano na mara wala saa, lakini mtoto hakuningoja. Alichukua mbegu moja akaidondosha kwenye kishimo, akasogea, akadondosha nyingine.

"Moja moja," shangazi akasema.

"Moja moja," mtoto akasema.

Wakaenda hivyo mstari mzima, moja moja, moja moja, yule akidondosha na huyu akifukia kwa unyayo, mpaka sauti zao zikawa mbali. Nilibaki kwenye tuta nikiwa na maelezo yangu.

Na binti aliongea na mama yake. Ilikuwa siku ya nane, mchana wenye mvua nyepesi, wameketi barazani wakibangua karanga za kupika. Mimi nilikuwa chumba cha mbele na mlango ulikuwa wazi, na kusema kweli sikujisogeza. Binti alieleza kazi yake ambayo kwa miaka yote alikuwa akiitaja kwa jina tu. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Zamu zinabadilika kila wiki, na mtu akikosa kuja wanampigia yeye kwa kuwa hajui kukataa. Kuna wazee ambao watoto wao huja mara moja kwa mwaka. Akasema kuna siku huwa anamwogesha mama wa mtu na machozi yanamtoka, na yule bibi anadhani ni maji yamemrukia.

Shangazi aliendelea kubangua. Maganda yalidondoka kwenye ungo.

"Nawaogesha mama za watu, mama," binti alisema, "na wewe uko huku."

"Mimi bado naoga mwenyewe," shangazi alisema. "Usiwe na haraka na mimi."

Binti alicheka, kisha akaacha kucheka. Nilisikia ungo ukisogezwa. Hapo nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda kuangalia kama mbuzi wamefungwa vizuri.

Waliondoka Jumanne asubuhi. Mtoto aling'ang'ania khanga ya bibi yake, na ilibidi aachiwe aende nayo. Mkwe alipeana mkono na mimi kwa nguvu sana, kama watu waliotoka vitani pamoja. Shangazi hakulia mbele yetu. Gari lilipopotea alisema nyasi kwenye karanga hazingoji, akachukua jembe.

Sasa ni mwaka mwingine. Binti hubadilishana zamu na mwenzake ili Jumapili yake iwe tupu, na wakati mwingine hupiga hata katikati ya wiki. Mtoto amepewa ruhusa ya kupiga mwenyewe. Wanaongea lugha yao ambayo siwezi kuifundisha popote, nusu hii na nusu ile, na sauti za kuku ndani yake. Nilijaribu kumwuliza shangazi kama tuendelee na masomo, nikamwambia tulikuwa tumebakiza mambo ya vitenzi. Alinishukuru. Alisema mimi nije tu kumwona kama zamani, nisijisumbue na vitenzi. Nilirudi mjini siku hiyo nikiwa na wivu ambao sikuutegemea.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake. Alikuwa amenimiminia chai na kunikatia mkate, na tulikuwa tumeanza kuzungumzia ugonjwa wa ng'ombe wa jirani, simu ikaita. Alitazama jina, akainuka na kutoka nayo, kwa kuwa mtandao ni mzuri zaidi kule barabarani. Nilimwona kwa dirisha akitembea huku na huku na khanga begani, akionyesha kwa mkono kitu ambacho mtu wa upande wa pili asingeweza kukiona. Nilimaliza kikombe changu. Chake kilikuwa kinapoa mezani, nikakifunika kwa kisahani, nikajimiminia kingine.